Magofu ya Gede na Mambo ya Zama Zetu

Twapenda katika darasa hii kuzungumza na ndugu zetu wasomaji juu ya jambo ambalo wengi wetu hupita mbele yake kila siku bila ya kuligeuzia macho. Jambo lenyewe ni magofu ya pwani yetu: Gede, Mnarani ya Kilifi, Jumba la Mtwana, Mambrui, na Malindi yenyewe.

Mwezi wa Julai 2024, mkutano wa UNESCO uliofanyika New Delhi uliutia mji wa kale wa Gede katika orodha ya urithi wa dunia. Habari hiyo ilipokewa kwa furaha, na furaha hiyo ina haki yake. Lakini furaha isiyofuatwa na fikira haidumu. Mtu akiambiwa na walimwengu kwamba nyumba ya babu yake ina thamani kubwa, yampasa ajiulize: ni nani aliyeijenga? Kwa nini ikahamwa? Na leo ni nani anayeitumia, na kwa kusudi gani?

Dini yetu haikuyafanya magofu kuwa ni mahali pa kupigia picha tu. Yatuhimiza tutembee katika ardhi na tuuzingatie mwisho wa waliotutangulia. Na kuzingatia si kulia, wala si kujisifu. Kuzingatia ni kusoma. Basi na tusome.

KWANZA: MJI WENYEWE

Gede iko kiasi cha kilomita 15 kusini ya Malindi, si mbali na Watamu, kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke. Serikali ya kikoloni iliutangaza mji huu kuwa athari ya kale mwaka 1927, na tangu 1948 kazi ya kuufukua ilikuwa mikononi mwa James Kirkman, aliyeishika kwa muda wa miaka kumi hivi. Baada yake wamekuja wataalamu wengine, na uchimbaji wao umeonyesha kwamba watu walikaa mahali hapo tangu karne ya 11 au ya 12. Mji ulistawi zaidi katika karne ya 15, na mwanzo wa karne ya 17 ulikuwa umekwisha kuhamwa.

Lililoonekana chini ya miti na mizizi ni mji wa watu wenye utaratibu. Ulizungushiwa kuta mbili, mmoja wa nje na mmoja wa ndani. Ulikuwa na msikiti mkuu wenye kisima na birika la kutawadhia, jumba la mtawala, nyumba za mawe zenye kumbi, vyoo na ghala. Nyumba nyingine zimepewa majina kwa vitu vilivyookotwa ndani yake: Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Taa ya Chuma, Nyumba ya Fedha ya Kichina. Zilipatikana kauri za Uchina na shanga zilizovuka bahari. Liko kaburi lililochongwa tarehe ya mwaka 802 wa Hijra, yaani 1399. Na juu ya mlango mmoja wa msikiti mkuu umechongwa mkuki wenye jani pana.

Mkuki huo wastahili kutazamwa vizuri. Msikiti ni nyumba ya Kiislamu, na mkuki ule ni chombo cha Kiafrika. Waliojenga hawakuona kwamba moja laliharibu la pili. Wao walikuwa Waislamu na walikuwa watu wa nchi hii, wala hawakuona haja ya kumwomba mtu radhi kwa lolote kati ya mawili hayo.

Lakini jambo moja lisisahauliwe. Mawe husema habari za wenye mawe. Sehemu kubwa ya wakazi wa miji kama Gede walikaa katika nyumba za udongo na makuti, na nyumba hizo hazikuacha kuta za kupigwa picha. Wavuvi, wakulima, wahunzi, wafinyanzi na watumishi wa majumba wamebaki katika vigae na majivu tu. Kwa hiyo mtu asemaye, «Huu ndio mji wa wazee wetu,» yampasa aukusudie mji mzima, si jumba la mfalme peke yake.

PILI: ASIYEANDIKA HUANDIKIWA

Tangu 1498 Wareno walifika Malindi, na baadaye wakakaa hapo kwa miaka mingi. Juu ya hayo, katika maandishi yao haikuonekana habari iliyo wazi ya mji wa Gede, uliokuwa jirani. Wala watu wa Gede wenyewe hawakutuachia kitabu chochote kinachojulikana leo. Hata jina Gede husemwa kwamba asili yake ni Kioromo, maana yake ni kitu cha thamani, na jina ambalo wenyewe waliuitia mji wao halijulikani kwa yakini. Mji uliokuwa na msikiti, na bila shaka ulikuwa na watu waliojua kusoma na kuandika, umekosa hata jina lake mwenyewe!

Matokeo yake ni kwamba kila mgeni ajaye huchagua sura moja ya historia yetu, ile yenye jina lake, akaisoma kwa sauti kubwa. Mreno amekuwa na nguzo yake ya Vasco da Gama yenye msalaba, na kila mtalii aendaye Malindi huonyeshwa. Lakini karibu na msikiti wa Jumaa wa mji huohuo iko nguzo nyingine, nguzo ya kaburi la karne ya 15, iliyosimamishwa na watu wa Malindi wenyewe. Ni wangapi katika vijana wetu wajuao habari za nguzo ya kwanza, na ni wangapi wajuao habari za hii ya pili?

Ndivyo ilivyo kwa Uchina. Ni kweli kwamba mwaka 1415 baraza ya mfalme wa Uchina ilipokea twiga aliyepelekwa kutoka Malindi, na kwamba merikebu za amiri Zheng He zilifika pwani ya Afrika Mashariki kabla safari zake hazijakoma mwaka 1433. Ni kweli vilevile kwamba wataalamu wa Uchina na wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya walichimba Mambrui kuanzia mwaka 2010, na ikaokotwa sarafu ya enzi ya mfalme Yongle. Elimu hii ni njema, nasi twaipokea kwa shukrani.

Lakini zama zetu zina mambo yake. Reli ya kisasa ya kutoka Mombasa hadi Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 2017, ilijengwa kwa mikopo iliyotoka zaidi katika Benki ya Exim ya Uchina. Katika hotuba za urafiki twiga yule hutajwa, na sarafu ile hutajwa, kana kwamba ni mashahidi wa mkataba. Twasema: biashara ya miaka 600 iliyopita haithibitishi kwamba mkopo wa leo ni mwema, wala haithibitishi kwamba ni mbaya. Mkopo hupimwa kwa masharti yake, kwa faida yake, na kwa uwezo wa anayeulipa. Twiga hawezi kuwa dhamana.

Huenda mtu akasema: «Hao wageni wana kosa gani? Kila mtu hutafuta lake.» Jawabu yetu ni kwamba hatuwalaumu. Wao walihifadhi daftari zao, na sisi hatukuhifadhi zetu. Mwenye daftari ndiye asemaye siku ya hesabu. Wa kuamshwa ni mwenye nyumba aliyelala.

TATU: FITINA YA MIJI

Sababu za kuhamwa Gede hazikuwa moja. Wataalamu hutaja ukame, kushuka kwa maji katika visima, mashambulio ya Wazimba mwaka 1589, kuingia kwa Waoromo kutoka kaskazini, na kuhama kwa nguvu za Malindi kwenda Mombasa. Hii ya mwisho ina fundisho kubwa.

Malindi na Mombasa zilikuwa miji ya dini moja, lugha moja na bahari moja. Lakini zilikuwa na uadui wa biashara na wa heshima. Vasco da Gama alipofika mwaka 1498, Mombasa ilimshuku, na mfalme wa Malindi akampokea na kumpatia rubani wa kumvusha hadi Bara Hindi. Imezoeleka kusemwa kwamba rubani huyo ni bingwa wa bahari Ahmad ibn Majid. Wachunguzi wa leo wengi wameikataa habari hiyo, nasi haifai tuendelee kumsingizia maiti. Lililo hakika ni kwamba Malindi ilijifungamanisha na mgeni ili imshinde jirani.

Je, ilipata nini? Mombasa ilichomwa mwaka 1505 na ikapigwa tena baadaye. Mwaka 1593 Wareno walianza kujenga Ngome ya Yesu huko Mombasa, na mtawala wa Malindi akahamishiwa huko akae chini ya kivuli cha ngome hiyo. Mji wa Malindi ukabaki unafifia mpaka ukawa magofu na vichaka. Na mwaka 1631 mwana wa ukoo huohuo wa Malindi, Yusuf bin Hasan, aliyelelewa na Wareno katika dini yao, aliwageukia na kuishika ngome. Aliyemwalika mgeni ili amshinde ndugu yake alikuja kupoteza mji wake, na mjukuu wake akalipa kwa damu.

Zama zetu vilevile ni zama za mataifa makubwa kushindania bandari, reli na mafuta. Kila kaunti, kila chama na kila kabila lapenda kupata rafiki wa mbali ambaye atamtia nguvu juu ya jirani. Hatusemi watu wasifanye urafiki na mataifa. Pwani hii imeishi kwa biashara ya mataifa tangu ilipokuwa pwani. Twasema kwamba aendaye kufanya mapatano na mgeni kwanza apatane na jirani yake, maana mgeni haogopi mji mmoja mmoja. Huogopa miji iliyokubaliana.

NNE: WENYE MJI NI NANI?

Hili ndilo swali linalowasha moto zaidi leo. Kwa muda mrefu wanachuoni wa kikoloni walisema kwamba miji hii ilijengwa na Waarabu na Waajemi, na kwamba Mwafrika alikuwa mtumishi tu. Kisha wakatokea waliosema kinyume chake, kwamba hapana damu ya ng'ambo hata tone. Kila upande ulikuwa na siasa yake.

Mwezi wa Machi 2023 jarida la Nature lilitoa utafiti wa vinasaba vya watu 80 waliozikwa zaidi katika miji ya pwani, ikiwamo Mtwapa iliyo katika kaunti yetu ya Kilifi. Ilionekana kwamba wengi wa watu hao walikuwa wamechanganyika. Asili ya Kiafrika ilitoka zaidi kwa mama zao, na asili ya Asia ilitoka zaidi kwa baba zao, kwanza kutoka Uajemi pamoja na sehemu ya Bara Hindi, na baada ya mwaka 1500 zaidi kutoka Arabuni. Kuchanganyika huko kulianza kiasi cha mwaka 1000.

Watu wengine waliusoma utafiti huu wakasema, «Tazameni, Waswahili ni wageni!» Wengine wakasema, «Tazameni, sisi ni masharifu wa kweli!» Kauli zote mbili zimeacha nusu ya habari. Kwanza, makazi ya pwani na Uislamu wake ni vya kale kuliko kuchanganyika huko. Uchimbaji umeonyesha misikiti midogo ya mapema huko Shanga, katika visiwa vya Lamu, tangu karne ya 8. Pili, makaburi ya mawe yaliyo karibu na misikiti yalikuwa zaidi ya wenye cheo na mali, si ya kila mtu. Tatu, lugha tuliyonyonya ni ya Kibantu, lugha ya akina mama, nao ndio waliowalea watoto wa miji hiyo na kuwafanya kuwa watu wa hapa. Iwapo wazazi wawili wametuzaa, ni adabu gani kumtaja mmoja na kumficha wa pili?

Swali hili si la fahari tu. Nyuma yake liko swali la ardhi. Malindi ilifufuliwa mwaka 1861 chini ya Sultani Majid wa Zanzibar, na mashamba yake ya mtama na ufuta yalilimwa kwa jasho la watumwa. Utumwa ulifutwa kisheria mwaka 1907. Mwaka uliofuata, 1908, ikatungwa sheria ya hati za ardhi katika ukanda wa pwani. Aliyeweza kuthibitisha dai lake kwa karatasi na mashahidi alipata hati, na ardhi isiyodaiwa ikawa ya Serikali. Waliokuwa watumwa, na ndugu zetu Wamijikenda walioishi kwa mila ya ukoo na si kwa karatasi, wengi wao walikosa. Mwaka 1963 ukanda wa pwani ulipounganishwa na Kenya huru, hati hizo ziliendelea kutambuliwa. Hapo ndipo lilipotoka jina chungu la «maskwota», mtu aitwaye mvamizi mahali alipozaliwa baba yake.

Basi yapasa tuseme wazi, hata kama maneno haya ni mazito kwa baadhi yetu. Gofu si hati ya shamba. Msikiti wa karne ya 15 hauthibitishi dai la mtu wa leo juu ya ekari mia, wala kaya ya Mijikenda haimnyang'anyi mtu nyumba aliyoinunua kwa haki. Lakini vilevile hatuwezi kuirithi fahari ya mawe tukaikataa deni ya jasho. Dini yetu imekaza mno juu ya atwaaye ardhi ya mwenziwe kwa dhulma, hata ikiwa ni shibiri moja. Haikusema, «isipokuwa ikiwa ana hati ya 1908.» Katiba ya 2010 imeipa Tume ya Taifa ya Ardhi kazi ya kuchunguza dhulma za kihistoria za ardhi. Yatupasa Waislamu wa pwani tuwe wa kwanza kutoa ushahidi wa kweli katika jambo hilo, ukiwa kwetu au ukiwa juu yetu.

TANO: VISIMA

Kirkman alitambua kwamba visima vya Gede vilichimbwa tena vikaongezwa kina, kwa kuwa maji yalikuwa yakishuka. Mji unaweza kumshinda adui kwa kuta mbili, lakini hauwezi kuyazuia maji kwa ukuta.

Leo Malindi, Watamu, Kilifi na Mombasa zanywa kwa sehemu kubwa maji ya Baricho, yanayovutwa katika bonde la mto Sabaki. Kila atembeaye ufukwe wa Malindi wakati wa mvua huona bahari imegeuka rangi ya udongo, nao ni udongo wa mashamba na milima ya bara unaoletwa na mto huohuo. Miti ikatwapo juu, pwani huona. Na karibu na bahari, kisima kikivutwa kupita kiasi, maji ya chumvi huingia mahali pa maji matamu. Hilo halirekebishwi kwa mkutano wala kwa hotuba. Wazee wa Gede hawakuwa na mashine wala vipimo; sisi tunavyo. Iwapo tutahama kwa kiu, udhuru wetu utakuwa dhaifu kuliko wao.

SITA: YATUPASAYO

Asiwepo atakayesema kwamba maneno haya ni ya wakubwa na wataalamu tu. Yako yaliyo katika uwezo wetu.

La kwanza ni kuacha upuuzi. Wako watu wayaogopao magofu kwa kusema ni makao ya majini, na wako waendao kufukiza ubani na kuweka nadhiri kwenye vibla vilivyobomoka, wakiwaomba waliokufa watoto na riziki. Waliojenga misikiti ile waliijenga ili aombwe Mwenyezi Mungu peke yake. Hatuwaheshimu kwa kuwafanya kuwa mizimu.

La pili ni amana. Sheria ya mwaka 2006 ya makumbusho na urithi yamtaka mwenye kugundua kitu cha kale atoe habari, wala hairuhusu vitu hivyo kuuzwa ovyo. Tofali la matumbawe lililong'olewa katika gofu ili kujengea ukuta wa choo ni wizi, hata kama gofu halina mlinzi. Na tusidhani kwamba ni vya Waislamu tu vya kulindwa. Vigango vya Wamijikenda viliibwa vikauzwa Marekani, na baadhi yake vimerudishwa tangu mwaka 2007 baada ya jitihada ndefu. Itikadi yetu si ile ya wenye vigango, lakini mali ya jirani ni haramu kwetu kama ilivyo haramu mali ya ndugu.

La tatu ni faida ya wenyeji. Hapo Gede, tangu mwaka 1993, mradi wa Kipepeo umewawezesha wakulima wa kando ya Arabuko-Sokoke kufuga vipepeo na kuuza pupa zao ng'ambo, na kwa hivyo kuuona msitu kuwa una faida ukiwa umesimama. Huo ni mfano wa kufuatwa. Urithi ambao jirani yake analala na njaa hautalindwa kwa senyenge.

La nne, nalo ndilo tulilolikusudia zaidi, ni kuandika. Kila msikiti wa zamani una wazee wajuao nani aliujenga, nani aliuweka wakfu, na shamba gani lilikuwa likiutengeneza. Kila nyumba ina kasha la barua na hati zinazoliwa na mchwa. Twawaomba vijana wa darasa, wavulana kwa wasichana, kila mmoja amwendee mzee mmoja kabla ya mwezi kwisha: Mswahili, Mgiriama, Mbajuni, mjukuu wa bwana na mjukuu wa mtumwa. Amwulize, na aandike kama alivyoambiwa, bila ya kupamba na bila ya kuficha, pamoja na tarehe na jina la mahali. Katika darasa ijayo tutayasoma yatakayoletwa, na tutayafananisha mmoja na mwenziwe.

Gede ilikuwa na mawe, kauri na kuta mbili. Kilichokosekana ni daftari, na kwa sababu hiyo hata jina lake limetupotea. Mwenyezi Mungu atuwezeshe kuziacha habari zetu kwa wajukuu wetu zikiwa zimeandikwa kwa mikono yetu, na ziwe za kweli. Amin.